Helmeti Iliyokuwa Kambani

Mtaa mzima ulimwita Bi Fomu, na jina lenyewe alilipenda. Dukani kwake hakikutoka kitu bila karatasi. Ukikodi pikipiki, fomu. Ukiirudisha, fomu. Siku moja wifi yake, mke wa mdogo wake, alikuja kuazima pampu ya mkono ya kujazia baiskeli ya mtoto, jamani pampu tu, akasukumiwa kalamu aweke sahihi. Wifi alisonya msonyo wa kusikika mpaka ng'ambo ya barabara, lakini sahihi aliiweka, na pampu ikarudi siku ileile.

Duka lilikuwa la kukodisha pikipiki kwa watalii. Pikipiki saba, chumba cha mbele chenye meza na kabati la funguo, na ua wa nyuma wenye karakana. Karakana ilikuwa ya mdogo wake, fundi, ambaye naye mtaa ulimbatiza jina: Nusu Saa. Mpelekee tairi lililotoboka, atakwambia nusu saa tu. Mpelekee injini iliyoungua, imefunguliwa vipandevipande, umeibeba kwenye gunia, nusu saa tu. Walimtania kwamba hata siku ya kuzaliwa alimwahidi mama yake nusu saa, akamweka na uchungu siku mbili. Mama huyo alifariki Nusu Saa akiwa na miaka minane, na dada mtu, aliyekuwa na kumi na tisa, ndiye aliyemlea. Alimwogesha, alimsomesha, alimtafutia mtu wa kumfundisha ufundi, alisimamia harusi yake. Ukitaka kugombana na Bi Fomu, wewe mseme vibaya mdogo wake tu.

Sasa, duka lile lilikuwa na mazoea yake, na nawaambieni mapema, ni mazoea ndiyo yaliyoua. Pikipiki haikutoka na tangi lililojaa. Ilitoka na petroli kikombe kimoja, ya kuifikisha kituo cha mafuta kilichokuwa mbele kidogo, ukishavuka makutano. Mteja alijaza mwenyewe, akarudi dukani kuchukua ramani na mkoba wake, ndipo safari ikaanza. Kila mteja aliambiwa maneno yaleyale, kwamba kituo ni hapo tu. Na kwa kuwa ni hapo tu, wengi walikwenda kichwa wazi, na miaka yote hakuna aliyewahi kuchubuka hata kidole.

Halafu kulikuwa na habari ya helmeti. Zamani zilining'inia ukutani zikinuka majasho ya watu wa kila taifa. Mteja mmoja akaandika mtandaoni kwamba duka ni zuri, mama ni mkarimu, ila helmeti zinanuka kama soksi. Bi Fomu alisomewa maneno hayo na siku nzima chakula hakikupita kooni. Kuanzia hapo, kila helmeti iliporudi ilioshwa kwa sabuni ya nywele na kuanikwa uani kwenye kamba. Wateja wakaanza kusifu usafi, naye akazikata sifa zile na kuzibandika ukutani.

Na fomu zenyewe, je? Kila jioni kabla ya kufunga alizitayarisha za kesho yake. Leseni imeonekana, tiki. Helmeti imetolewa, tiki. Breki zimejaribiwa, tiki. Asubuhi mteja alibaki na kuandika jina na kuweka sahihi, basi, foleni haikukaa. Askari wa usalama barabarani alipopita kukagua aliwaambia wakodishaji wengine waende wakajifunze kwa yule mama. Ndivyo tulivyo: tukiona karatasi imenyooka tunadhani na kazi imenyooka.

Kijana mmoja mtalii alikuja siku ya Jumatano, saa mbili asubuhi, peke yake, na kaptura yake na mkoba mgongoni. Alikuwa na uso wa kucheka na kichwa kikubwa, kikubwa kwelikweli. Alitaka kwenda kuona maporomoko ya maji kabla jua halijawa kali. Bi Fomu akaiomba leseni, akaigeuza. Nyuma kulikuwa na picha ndogondogo za vyombo, gari, lori, pikipiki, na kila picha na nafasi yake ya muhuri. Penye gari palikuwa na muhuri. Penye pikipiki palikuwa patupu. Kijana akaeleza kwamba leseni ya nyumbani anayo, na ya pikipiki imo, ila hii ya kimataifa karani alisahau kupiga muhuri. Bi Fomu aliona pale patupu kwa macho yake mawili, tusije tukamtetea. Akasema, "Leseni ni leseni," akamrudishia. Tiki si ilikuwa imeshawekwa tangu jana?

Wakaja kwenye helmeti. Ya kwanza ilimkaa utosini kama kifuniko cha birika. Kijana akajitazama kwenye kioo cha pikipiki, akacheka. Ya pili ikakwama masikioni. Nusu Saa akachungulia kutoka uani, akasema kwa lugha ya nyumbani, "Dada, hicho si kichwa, hilo ni tangi." Kijana hakuelewa neno hata moja ila utani aliuelewa, akajigonga kichwani kama mtu anayesikiliza kama tangi lina mafuta, wakacheka wote watatu.

"Kubwa ipo moja," Bi Fomu akamwambia. "Lakini imelowa. Ile pale."

Ilikuwa kambani. Mteja wa jana aliirudisha asubuhi ileile, ikaoshwa robo saa iliyopita, na maji yalikuwa yanachuruzika mpaka chini.

"Haidhuru," kijana akasema. "Nipe hivyohivyo."

Bi Fomu akaona haya. Ampe mgeni helmeti ya kummwagia maji shingoni, kisha mgeni aende kuyaandika hayo mtandaoni? "Jaza mafuta kwanza," akasema. "Kituo ni hapo tu. Ukirudi itakuwa imekauka."

Kijana alikuwa ameshapanda, mguu mmoja bado uko chini. Akasita. "Afadhali nivae," akasema. Kisha akacheka, akaongeza, "Baba yangu akiniona ataniua."

"Baba yako yuko wapi?"

"Mbali."

"Basi hakuoni," Bi Fomu akamjibu, naye akicheka, na akampungia mkono.

Dakika kumi na mbili. Muuza vocha wa pembeni alikuja mbio, kandambili moja mguuni na nyingine imebaki njiani, akaishika nguzo ya mlango, akasema lori la mchanga, makutano, yule mgeni wenu. Hakumaliza. Nusu Saa alimtazama dada yake, akaitazama kamba. Akaruka ndoo, akaivuta helmeti, maji yakammwagikia kifuani, akawasha pikipiki akaondoka nayo. Bi Fomu alimwona. Angeweza kusema, weka chini hiyo. Ni maneno machache. Hakuyasema.

Alipofika makutanoni kwa miguu, huku akihema, helmeti ilikuwa barabarani, hatua tatu kutoka kwenye mkono wa kijana. Rejeta ya lori ilikuwa imepasuka, maji yametapakaa kila mahali, kwa hiyo helmeti iliyolowa haikumshangaza mtu. Askari alikuwa anaandika. "Alikuwa ameishika mkononi, hakuvaa," akasema. "Hawa wageni bwana, wakifika kwetu wanadhani wamefika peponi, sheria hakuna." Akaiomba fomu. Akaisoma pale pale barabarani, tiki, tiki, tiki, na sahihi ya marehemu chini. "Wewe mama huna kosa," akasema. "Ajali haina kinga."

Kila mtu akamwambia hivyohivyo. Majirani walisema ajali haina kinga, mwenye nyumba alisema, wifi alisema huku akimpigapiga mgongoni. Naye aliitikia, "Kweli, haina," na ndani ya moyo akijua kwamba hii ilikuwa na kinga, ilikuwa uani kwake inachuruzika maji ya sabuni.

Duka lilifungwa wiki mbili kwa uchunguzi, kisha likafunguliwa. Maiti ilisafirishwa kwao. Miezi saba ikapita. Bi Fomu alinunua helmeti kubwa tatu. Pikipiki zikaanza kutoka na tangi lililojaa, na asiye na muhuri wa pikipiki alirudishwa hotelini hata akilia. Fomu akazijaza mteja akiwa mbele yake, mstari mmoja baada ya mwingine, mpaka watu wakalalamika kwamba siku hizi mama amekuwa mzito. Vyote vizuri, lakini maji yakimwagika hayazoleki.

Dada na mdogo wake hawakulizungumza jambo lile hata siku moja. Walizungumza habari za plagi, za ada ya watoto, za paa linalovuja. Lakini Nusu Saa aliacha kutania vichwa vya watu. Na jambo lililomtisha Bi Fomu kuliko yote, aliacha ule msemo wake. Ukimpelekea tairi alisema, "Iache, sijui itachukua muda gani." Mtaa uliendelea kumwita Nusu Saa, ila jina lilikuwa limebaki peke yake, mwenyewe kalihama.

Basi siku moja, saa nne hivi asubuhi, aliingia mwanamume wa makamo, mvi zimemjaa, na mfuko wa nguo mkononi. Bi Fomu aliinua macho kutoka mezani na kalamu ikamwanguka. Kilikuwa kichwa kilekile.

"Mimi ni baba yake," mwanamume akasema, na hakusema baba wa nani.

Lugha ya wageni Bi Fomu aliijua kwa ajili ya kazi. Breki, mafuta, kushoto, kulia, rudi kabla jua halijazama. Alijua karibu, alijua kaa, alijua pole. Akayasema yote matatu. Akammiminia maji.

"Sikuja kugombana," mwanamume akasema. Alisema polepole, ili mama aelewe. "Nimekuja kupaona pale mahali. Nimetoka kupaona sasa hivi. Na nimekuja kukuomba radhi."

Bi Fomu akadhani amesikia vibaya. "Radhi?"

"Ulimpa helmeti. Nimeiona karatasi, ina sahihi yake. Yeye akaibeba mkononi kama mtu anayetoka sokoni na kikapu. Ukasumbuliwa na polisi, ukafungiwa kazi, kwa ujinga wa mwanangu. Nakuomba radhi."

Kisha maneno yakaanza kumtoka, kama kwamba alikuwa akiyabeba njia nzima. Yeye ni fundi wa pikipiki, alisema. Miaka thelathini ameletewa karakanani pikipiki zilizobondeka, na za watoto wa watu waliokwishazikwa. Alimfundisha mwanawe tangu ana miaka sita: hata kama unavuka uani tu, vaa. Wakati mwingine alimfanya arudi nyumbani kwa miguu kwa kosa la mkanda wa kidevuni kutofungwa. "Na akaniitikia miaka yote," akasema. "Ndiyo baba, ndiyo baba. Kumbe nikiwa simwoni alikuwa mtu mwingine. Siku ya mazishi watu walisimama kusema habari zake. Mama yake aliniomba niseme, nikakataa. Sijakwenda kaburini hata mara moja. Mke wangu anakwenda peke yake, kila Jumapili. Nina hasira na mwanangu mpaka leo. Nitakwenda kumwambia nini?"

Bi Fomu alikaa. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na yeye hakuzaa, lakini alilea, naye akajua mtu huyu amezikwa pamoja na mwanawe na wala hawakulazwa upande mmoja.

Ndipo Nusu Saa akaingia kutoka uani akijifuta mikono kwa kitambaa. Mgeni alipoona grisi akainuka, akampa mkono. "Fundi?" akauliza. "Fundi," Nusu Saa akaitikia. Neno hilo alilijua. Mgeni akachungulia uani kupitia begani kwake, akaona spana zimetundikwa ukutani kuanzia ndogo mpaka kubwa, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Kazi safi," akasema, na mkono wa Nusu Saa bado uko ndani ya wake.

"Ni baba yake yule kijana," Bi Fomu akasema kwa lugha ya nyumbani.

Nusu Saa akautoa mkono taratibu. "Anataka nini?"

"Anaomba radhi."

"Radhi ya nini tena?"

"Ya mwanawe kutovaa helmeti."

Mgeni akamtazama huyu, akamtazama yule, akitabasamu kidogo kwa adabu, kama watu wafanyavyo wakisikia lugha wasiyoijua.

"Basi mwambie tumemsamehe, aende salama," Nusu Saa akasema.

"Mdogo wangu, hajakwenda kaburini. Anamchukia mtoto wake."

"Dada." Sauti aliishusha. "Nina watoto wawili. Nililofanya nililifanya kwa ajili yako. Siku ile ungelala ndani, na duka lisingekuwepo. Huyu kesho anapanda ndege. Ukimwambia, mwanawe atafufuka?"

"Hafufuki."

"Basi."

Na kwa akili za kawaida, Nusu Saa alikuwa amesema sawa. Mimi mwenyewe sijui ningesema nini mahali pake. Bi Fomu aliangalia zile sifa za usafi ukutani. Alimwona mdogo wake ana miaka minane, amesimama kwenye beseni, sabuni machoni, anamwambia dada usiondoke. Damu ni nzito kuliko maji, na huyu wa mbele yake alikuwa ni nani kwake? Mgeni. Kesho yuko angani.

Akafungua mdomo kusema tumesamehe, safari njema. Lakini mgeni alikuwa amekwishainama kwenye mfuko wake. Akatoa helmeti. Ile ile, kubwa, yenye mchubuko mmoja ubavuni.

"Hii ni mali yako," akasema. "Waliniletea pamoja na vitu vyake, imefungwa kwenye plastiki." Akaigeuza, akamwonyesha ndani, na uso wake ukaingia aibu. "Imeota ukungu. Sijui kwa nini, hatukuiosha wala hakuna aliyeivaa. Nimejaribu kuusugua, haukutoka wote. Samahani."

Bi Fomu akaipokea. Sponji ya ndani ilikuwa na madoa ya kijivu, na kwa chini ya ule uvundo, kwa mbali, ilinukia sabuni ya nywele. Sabuni yake. Mtu huyu amefiwa, amesafiri na helmeti ile magotini, amesugua ukungu wa uongo wao kwa mikono yake, na bado anaomba radhi. Aliona kwamba akinyamaza sasa hatasema tena maisha yake yote.

"Helmeti hii," akasema kwa lugha ya mgeni, "siku ile, ilikuwa na maji." Akanyoosha kidole uani. "Pale. Kwenye kamba. Sikumpa."

"Dada!" Nusu Saa akasema.

Mgeni akamtazama. "Karatasi inasema ulimpa."

"Karatasi niliandika jana yake. Kabla hajaja. Kila siku niliandika kabla." Hakuwa na maneno ya msiba, akatumia ya kazi. "Leseni, muhuri wa pikipiki hakuna. Niliona. Nikampa pikipiki. Aliomba helmeti. Ndogo hazikuingia. Akasema, nipe hiyo yenye maji, haidhuru. Nikasema hapana, mafuta kwanza, hapo tu. Akaomba tena." Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuyafuta. "Akasema, baba yangu akiniona ataniua."

Mgeni akamwinamia juu ya meza.

"Alisema hivyo?"

"Ndiyo."

"Maneno hayohayo?"

"Hayohayo. Alicheka."

"Na wewe ukamjibu nini?"

Hapo angeweza kuishia. Hakuna mwingine aliyeyasikia, wa kumsuta. "Nikauliza, baba yako yuko wapi. Akasema mbali." Akavuta pumzi. "Nikasema, basi hakuoni."

Yule mtu mzima akakaa chini, akalia. Hakujificha uso. Alilia kwa sauti, na muuza vocha nje akasimama kutazama, na Bi Fomu akalia naye, kila mmoja upande wake wa meza. Nusu Saa alibaki mlangoni na kitambaa chake.

"Wewe sitakusamehe," mgeni akasema alipoweza kusema. "Usiniombe. Lakini rudia alivyosema."

Akarudia. Akaambiwa rudia tena, akarudia. Kisha mgeni akatoa simu, akaongea na mkewe maneno ambayo Bi Fomu hakuyafahamu, maana yalikuwa ya haraka na ya nyumbani, akamsogezea simu mdomoni. "Mwambie mama yake."

Bi Fomu akaishika simu kwa mikono miwili, akasema polepole, "Alisema, baba yangu akiniona ataniua." Upande wa pili yule mama akacheka, kicheko kifupi cha mtu aliyemsikia mwanawe anaongea chumba cha pili. Kisha kikageuka kilio.

Mgeni alipokata simu akaweka mkono juu ya helmeti. Akanyoosha kidole kwayo, akakishusha sakafuni, kama anaiweka barabarani. "Na hii," akauliza, "nani aliipeleka pale?"

"Mimi," Bi Fomu akasema. Hakusita hata kidogo. Ulikuwa uongo wake wa mwisho, na ndio pekee aliousema kwa moyo mmoja.

Lugha ya wageni Nusu Saa hakuijua, lakini kidole alikiona, na neno 'mimi' la wageni alilijua. Akaja mpaka mezani. "Si yeye," akasema kwa maneno yake mabovu ya karakanani, akajigonga kifuani. "Mimi. Fundi."

Mafundi wale wawili wakatazamana. Mgeni alimtazama sana, kisha akaitazama mikono ile aliyoishika muda si mrefu, akageuza uso. Akatoka uani, akaenda kusimama chini ya kamba.

Nusu Saa akaenda kwenye ndoo. Akanawa kwa sabuni ya unga na mchanga, mpaka chini ya kucha, kama wanavyonawa mafundi siku ya kwenda msibani. Akavua ovaroli, akavaa shati lililokuwa nyuma ya mlango, akalifunga vifungo vyote.

"Unakwenda wapi?" Bi Fomu akauliza, ingawa alijua.

"Polisi. Wairekebishe ile ripoti."

"Ngoja nifunge duka, twende wote."

"Huwezi kumwacha mgeni peke yake na hali ile. Utakuja baadaye, wewe na yeye." Akachukua helmeti pale mezani, akaiweka kwapani. Mlangoni akageuka, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi saba uso wake ulikuwa ule wa zamani. "Usilie, dada. Nusu saa tu."

Akaondoka kwa miguu.

Saa saba wifi akaja na chakula cha mchana kwenye sufuria yenye kifuniko, amekifunga kwa kanga. Uani alimwona yule mgeni, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Akamsalimu kwa kichwa, akadhani ni mteja.

"Mume wangu yuko wapi? Chakula kinapoa."

Bi Fomu alikuwa na karatasi mbele yake, tupu, na kalamu mkononi. "Ametoka," akasema. "Amesema nusu saa tu."

"Amesema nusu saa?" Wifi akasimama, mkono kiunoni, na uso ukamfunguka kwa furaha. "Kwa mdomo wake? Loo, wifi yangu, afadhali! Nilikuwa nimeanza kuogopa, nikasema mume wangu kaniponyoka. Basi akisema nusu saa ndiye mwenyewe, amerudi." Akaifungua kanga, akafunika sufuria vizuri zaidi ili joto lisitoke, akavuta kiti. "Na hiyo nusu saa yake si tunaijua? Acha nimngoje."